Nani Anahesabu Mienge?

Kwenye karatasi ninayotumia kuendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambao mimi nasimulia ulimwengu na kila mchezaji anaamua mhusika wake afanye nini, upande wa kushoto, huwa nachora visanduku sita vidogo. Kila kisanduku ni zamu moja, na kila zamu ni dakika kumi za wakati wa ndani ya hadithi. Wachezaji wakiwasha mwenge, naanza kukata. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikifika cha tano nawaambia moto umeanza kufifia, na hapo meza nzima inabadilika: waliokuwa wameegemea viti wanakaa wima, mmoja anauliza imebaki mienge mingapi, mwingine anahesabu kwa vidole vyumba vilivyopo kati yao na mlango wa kutokea.

Visanduku hivyo sikuvibuni mimi. Ni kanuni ya Dungeons & Dragons ya zamani, ile ya kitabu cha 1981 kilichohaririwa na Tom Moldvay: mwenge huwaka zamu sita, taa ya mafuta zamu 24, na kila baada ya zamu mbili mwendesha mchezo anarusha dadu ya pande sita. Ikija moja, kuna kitu kinakuja gizani.

Mimi niliingia kwenye michezo hii kupitia toleo la tano la mchezo huohuo, lililotoka 2014, na nilicheza miaka mitatu bila kumsikia mtu akitaja mwenge. Hatukuwa na haja nao. Katika toleo hilo mchawi anayeanza tu anaweza kuchagua tamko dogo la uchawi linalowasha nuru, akalitumia mara nyingi atakavyo bila kulipia chochote, na jamii nyingi za wahusika huona gizani hadi futi 60. Giza lilikuwa pambo la maelezo. Mwendeshaji akisema kuna giza, sisi tunasema tunaona, safari inaendelea.

Kisha rafiki yangu mmoja akaniazima kile kitabu cha 1981. Kina kurasa 64. Nilikimaliza jioni moja, nikabaki najiuliza mengine yote yameandikwa wapi. Hakuna orodha ya ujuzi. Hakuna kanuni ya kumshawishi mlinzi, wala ya kukumbuka historia ya ufalme, wala ya kupekua chumba zaidi ya dadu chache za kutafutia milango ya siri na mitego. Kikao chetu cha kwanza tulipoteza wahusika wawili kabla ya kufika chumba cha tatu. Nilikasirika kwelikweli. Niliona mchezo umetuonea. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba niliingia humo na hesabu za mchezo mwingine.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza tofauti ya mtindo wa zamani na mtindo mpya, sianzi na unene wa vitabu, wala wingi wa vifo, wala picha za jalada. Namuuliza yeye: mchezo wako unahesabu nini? Kile kinachoandikwa, kinachofutwa, kinachopungua na kuongezeka penseli ikitembea, ndicho mchezo unachokijali. Vingine vyote ni mazungumzo. Mazungumzo mazuri pengine, lakini mchezaji hujifunza upesi kwamba kisichohesabiwa hakimgusi.

Na mchezo wa zamani ulihesabu mizigo, muda na mwanga, kwa sababu ya kule ulikotoka. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, nakala 1,000 za mwanzo, kupitia kampuni ndogo iliyoitwa Tactical Studies Rules, baadaye TSR, huko Lake Geneva, Wisconsin. Wote wawili walikuwa watu wa michezo ya vita ya mezani. Gygax na Jeff Perren walishatoa Chainmail, kanuni za vita vya enzi za kati, 1971. Arneson naye alikuwa akiwashusha marafiki zake kwenye mahandaki ya chini ya ngome ya Blackmoor. Mtu aliyezoea kupeleka majeshi ya vinyago juu ya meza haachi kujiuliza chakula kitatosha siku ngapi, askari watavunjika moyo lini, na njia ya kurudi nyuma iko wapi. Maswali hayo yakashuka nao handakini.

Sasa tazama yanavyofungamana, maana hapa ndipo penye uzuri wenyewe.

Katika kanuni za 1981, mpiganaji anahitaji pointi 2,000 za uzoefu kupanda ngazi ya pili. Kibwengo mmoja aliyeuawa ana thamani ya pointi tano, na tano hizo zinagawanywa kwa kundi zima. Kundi la wapiganaji watano likitaka kupanda kwa upanga peke yake, itabidi liue vibwengo 2,000. Wakati huohuo, kila sarafu ya dhahabu itakayotolewa handakini na kufikishwa salama ina thamani ya pointi moja. Mchawi wa ngazi ya kwanza, kama siha yake ni ya kawaida, ana pointi za uhai zisizozidi nne, na ana tamko moja tu la uchawi kwa siku. Weka hesabu hizo upande mmoja wa mizani na vibwengo wenye mikuki upande wa pili, nawe utaona mchezo unakushauri nini: usipigane. Iba. Zunguka. Zungumza. Kimbia.

(Haikuwa hivyo siku ya kwanza. Vijitabu vya 1974 vilitoa pointi 100 kwa kila ngazi ya zimwi lililouawa. Mwaka mmoja baadaye nyongeza iliyoitwa Greyhawk ikazikata vibaya sana, na naamini ukataji ule uliuumba mtindo wa zamani kuliko kanuni nyingine yoyote ninayoijua.)

Lakini dhahabu ina uzito. Katika kitabu kile uzito wenyewe unapimwa kwa sarafu, kumi kwa ratili. Ukibeba hadi uzito wa sarafu 400 unatembea futi 120 kwa zamu moja. Ukizidi hapo unashuka hadi 90, kisha 60, na ukipita 800 unajikokota futi 30. Ukijikokota, njia ileile inakula zamu nyingi zaidi. Zamu nyingi ni mienge mingi. Zamu nyingi ni dadu nyingi za kile kinachokuja gizani. Kwa hiyo kile ulichokifuata ndicho kinachokuzuia kutoka. Nimewahi kuona kundi likisimama mbele ya sanduku la shaba lenye sarafu 1,500 likibishana nusu saa nzima: tubebe ngapi, tuache ngapi, tumwage mafuta ili mtungi ubebe fedha? Hakuna zimwi chumbani. Hakuna aliyerusha dadu. Na hakuna aliyetoka kwenda kunywa maji.

Kuna dadu nyingine ya zamani ninayoipenda kupita zote, ile ya mapokezi. Kundi likikutana na viumbe ambao hadithi haijaamua watafanya nini, mwendeshaji anarusha dadu mbili za pande sita na kujumlisha. Jumla ikiwa mbili, wanashambulia papo hapo. Ikiwa 12, wanakuwa marafiki. Katikati, kuanzia sita hadi nane, hawajui wafanye nini, na hapo ndipo matokeo mengi huangukia. Kushambuliwa bila neno hata moja ni nafasi moja tu kati ya 36. Tulipokuwa tukicheza toleo la tano, vibwengo walikuwa vita, basi. Mara ya kwanza nilipoitumia dadu ya mapokezi ilitoka saba, wakati kundi limesimama uso kwa uso na vibwengo saba kwenye ujia mwembamba. Wamenyanyua mikuki, hawajaitupa. Nikawauliza wachezaji: mnafanya nini? Kimya. Kisha mmoja akasema, "Nashusha mwenge wangu chini polepole, nawaonyesha viganja."

Walilipa mienge miwili na blanketi moja, wakaruhusiwa kupita, tena wakaonywa kuhusu chatu anayelala chini ya ngazi za mashariki. Vibwengo hao tuliishi nao kwa zaidi ya nusu mwaka wa vikao. Mmoja alikuja kuwa mpagazi wetu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha; sikuwahi kufikiri ningekuja kuiona methali hiyo ikitendeka kwa dadu mbili.

Sasa niuseme mtindo mpya kwa haki, kwa sababu nimeuchezea miaka mingi na umenipa vikao ambavyo sitavisahau.

Mtindo mpya haukutokea siku moja, na tarehe za matoleo zinaweza kumpotosha mtu. RuneQuest ya 1978, mchezo mwingine wa aina hii, tayari ilikuwa na asilimia kwa kila ujuzi, na wahusika wake walikua kwa kuutumia ujuzi huo. Mfululizo wa visa vya Dragonlance, ulioanza 1984, uliwapa wachezaji mashujaa wenye majina, mapenzi na hatima, na hadithi yenye mwanzo na mwisho uliopangwa. Ukiutazama leo, unafanana zaidi na vitabu vya visa vya sasa kuliko na mahandaki ya miaka kumi kabla yake. Toleo la pili la 1989 likaisogeza pembeni kanuni ya kupata uzoefu kwa dhahabu, ikawa ya hiari. Toleo la tatu la 2000, lililotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast iliyoinunua TSR miaka mitatu kabla, likakusanya karibu kila kitu chini ya dadu moja ya pande 20: rusha, jumlisha, fikia namba uliyowekewa. Toleo la nne la 2008 lilikuwa na vita vya kusogeza wahusika kwenye miraba vilivyopimwa kwa umakini mkubwa. Silipendi, ila nawaheshimu wanaolipenda. Kisha likaja la tano.

Ukiliuliza toleo la tano linahesabu nini, jibu lake la kwanza ni: wewe. Mhusika wa 2014 anazaliwa na historia yake, anachokiamini, anachofungamana nacho na udhaifu wake, na vyote vina nafasi yake kwenye karatasi. Mchezaji akiucheza vizuri udhaifu ule, mwendeshaji anaweza kumpa tuzo itakayomruhusu baadaye kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchagua kubwa. Hiyo ni kanuni kamili, imeandikwa. Pointi za uzoefu nazo ni nyingine kabisa: kibwengo sasa ana thamani ya 50, na ngazi ya pili inahitaji 300 tu. Kundi lile la watu watano linapanda kwa vibwengo 30. Makundi mengi hayahesabu hata hizo. Mwendeshaji anasema mmemaliza sehemu hii ya kisa, pandeni ngazi.

Kuna tawi jingine la mtindo mpya lililokwenda mbali zaidi. Dungeon World ya 2012, iliyojengwa juu ya kanuni za Apocalypse World ya 2010, inakupa pointi ya uzoefu kila dadu zako zinapofeli. Ukishindwa, unajiandikia. Mwisho wa kikao unaweza kupata nyingine kwa sababu uhusiano wako na mwenzako mmoja umefikia tamati yake. Mara ya kwanza kuicheza nilishangaa kuona watu wakijitupa kwenye mambo wasiyoyaweza, huku nyuso zimechangamka, kwa sababu karatasi imewaambia kwamba kushindwa pia ni njia ya kukua. Mtindo wa zamani hauwezi kuwafanya watu wafanye hivyo. Haujawahi kujaribu.

Nitakuonyesha mahali ambapo mitindo hii miwili inagongana hasa, na si kwenye vita.

Nilikuwa naendesha mchezo kwa kanuni za zamani. Kundi limefika kwenye chumba chenye benchi la mawe na vumbi la miaka mingi. Dada mmoja pale mezani, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukagua majengo, akaniuliza, "Vumbi limetanda kote?"

Nikamjibu, limetanda kote isipokuwa mstari mmoja, upana wa kiganja, kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbele.

"Mstari umenyooka?"

Umenyooka kama uliopigwa rula.

Akanyamaza. Akasema anamimina maji ya kibuyu chake taratibu juu ya mstari ule. Nikamwambia maji yanatiririka kidogo kisha yanazama, kama kuna ufa mwembamba. Akachukua fito ya futi kumi, akasimama nje ya mlango, akabonyeza kando ya mstari. Jiwe zito likatoka ukutani likapita juu ya ufa ule kwa kasi, mahali hasa ambapo mtu angesimama, likarudi. Ilichukua kama dakika 20 za saa ya ukutani, na dadu zote zilikuwa zimelala mezani. Sijui kama nimewahi kuona mtu mzima akifurahi vile kwa ajili ya vumbi.

Katika mtindo mpya chumba hichohicho kingekwenda hivi: "Napekua chumba." Dadu. "Kumi na saba, ukijumlisha." Umeuona mtego. Unafanya nini?

Kwa muda mrefu niliitumia simulizi hii kuwathibitishia watu kwamba mtindo wa zamani ni bora. Kisha siku moja, kwenye meza hiyohiyo, mchezaji wetu mkimya alikaa mbele ya sanduku lililofungwa nikamwambia anieleze anavyolichunguza. Akaniangalia. Akaiangalia karatasi yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi mitego siijui. Yeye anaijua," huku kidole chake kikiwa juu ya jina la mhusika wake.

Nilikosa la kusema. Hatumwombi mchezaji anyanyue jiwe halisi ili mhusika wake anyanyue jiwe. Hatumwombi awashe nuru kwa maneno. Kwa nini tumwombe awe fundi wa kufuli? Yule dada mkaguzi alikuwa akicheza kwa akili yake mwenyewe na mchezo ulimpokea kwa mikono miwili. Huyu alitaka kwa saa nne awe mtu mwingine, mwepesi wa vidole, asiyeogopa, na mimi nilikuwa namrudisha kuwa yeye. Orodha ya ujuzi iliyomo kwenye vitabu vipya, ambayo mashabiki wa zamani huidharau, iliwekwa kwa ajili ya mtu kama huyo. Kidole kile juu ya karatasi kilinibadilisha kuliko makala zote nilizosoma.

Mchezaji huyohuyo, katika mchezo wetu wa toleo la tano, alikuwa na kasisi aliyemwachia dada yake deni kubwa akakimbilia nyumba ya ibada. Ilikuwa imeandikwa pale kwenye karatasi, mstari mmoja. Kikao cha 11 au 12 hivi, dada yule akatokea ndani ya hadithi. Mtu niliyekuwa namjua kwa kutikisa kichwa tu alizungumza karibu robo saa, kwa sauti ya kasisi wake, akiomba msamaha. Hakuna aliyemkatiza. Nilimpa ile tuzo ya dadu mbili, akaichukua, na nadhani hakuwahi kuitumia.

Kifo nacho kinaeleweka ukikitazama kwa jicho hilohilo la hesabu. Katika mchezo wa 1981 ukifika sifuri umekufa. Sumu nyingi hazingoji hata sifuri. Mwizi wa mpwa wangu, aliyempa jina Kipanga, alichomwa na sindano ya sumu kwenye kufuli. Mwizi wa ngazi ya kwanza akitaka kujinusuru na sumu lazima apate 13 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Nafasi nane kati ya 20. Alipata tisa. Kijana aliitazama dadu ile kwa muda, akaigeuza upande wa pili, kisha akaniuliza, "Mjomba, ndiyo basi?" Ndiyo basi. Kitabu chenyewe hakifichi jambo hili: katika mfano wa mchezo uliochapwa mle ndani, mwizi wa kundi anakufa kwa namna hiyohiyo, na mwenzake anauchukua mfuko wake ili abebee hazina.

Nilichokosa kukielewa siku ile ya hasira yangu ya kwanza ni kwamba mchezo unaoua haraka pia unazaa haraka. Dadu tatu za pande sita, mara sita, kwa mpangilio unaotoka. Chagua kazi, nunua mienge na kamba, umemaliza. Baada ya dakika kumi hivi mpwa wangu alikuwa na mhusika mpya, elfi aliyekutwa amefungwa minyororo chumba cha pili. Mhusika wa toleo la tano humchukua mgeni saa nzima au zaidi kumtengeneza, na huja na mama, na kijiji, na siri. Kumwua huyo kwa sindano moja ni ukatili, na waandishi wa kanuni walijua. Kwa hiyo ukifika sifuri kwenye toleo la tano unalala chini, na kila zamu yako vitani unarusha dadu: kumi au zaidi ni ushindi, chini ya hapo ni pigo. Ushindi mara tatu unatulia, mapigo matatu unakufa, na 20 kamili inakuinua. Wenzako wana muda wa kukukimbilia. Kanuni ile ina huruma ndani yake, na huruma hiyo inalingana na saa ile moja uliyoitumia kumpa mhusika uhai. Tatizo huja mtu akichanganya: akiwaandikisha wachezaji kurasa mbili za historia ya mhusika kisha akawashusha kwenye handaki la 1981 bila kuwaonya. Nimelifanya kosa hilo, na mchezaji mmoja hakurudi.

Kuna mambo ya zamani nisiyoyatetea. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka kikomo cha nguvu kwa wahusika wa kike kilichokuwa chini ya kile cha wanaume, na hakuna meza niliyoiendesha ambayo imewahi kuifuata kanuni hiyo. Kutegemea uamuzi wa mwendeshaji kuliko kanuni ni jambo tamu akiwa mtu wa haki. Akiwa na upendeleo, ni mateso, na mchezaji hana ukurasa wa kumwonyesha. Na kwa upande wa mtindo mpya, vita vya ngazi za juu vinaweza kumeza jioni nzima, kila mtu akisubiri zamu yake huku macho yako chini, kwenye karatasi, akitafuta ni uwezo gani hajautumia. Macho yale yaliyoshuka ndiyo yananiuma. Najua jibu liko pale kwa sababu kanuni zimeliweka pale, lakini chumba nilichokieleza kina dirisha, na pazia, na mtu anayelia nyuma ya pazia.

Waliouhuisha mtindo wa zamani wengi hawakuwapo ulipozaliwa. Mimi mwenyewe 1981 sikuwa nimezaliwa. Uhuishaji huo ulipata mwili 2006 ilipotoka OSRIC, iliyoandika upya kanuni za zamani kwa kutumia leseni huria iliyokuja na toleo la tatu. Yaani toleo lile lililobadilisha kila kitu ndilo lililofungua mlango wa kurudi nyuma. 2008 Matt Finch aliandika kijitabu kifupi cha kuueleza mtindo huo, na wazo lake la uamuzi badala ya kanuni linatajwa hadi leo. Old-School Essentials ya 2019 ilizipanga upya kanuni za 1981 hadi zikasomeka bila jasho. Na Shadowdark ya 2023 imefanya jambo lililonigusa sana: imechukua dadu na mpangilio unaofanana na wa toleo la tano, kisha ikaamua kwamba mwenge huwaka saa moja ya kweli. Saa ya ukutani. Unaweka kengele ya simu mezani, na ikilia, giza. Mtu ameuliza mchezo mpya unahesabu nini, akaurudishia mwenge.

Siku hizi naendesha kwa mchanganyiko wangu. Kanuni za msingi ni za 1981. Dhahabu bado ni uzoefu. Lakini mhusika akifika sifuri ana zamu tatu za kuokolewa, na kila mchezaji ananiandikia mstari mmoja, mmoja tu, kuhusu mtu ambaye mhusika wake hataki kumwangusha. Mitego naieleza kwa maneno, na anayetaka kuuliza anauliza. Asiyetaka anarusha dadu, na dadu yake ina heshima sawa na maswali ya mwingine. Wapo wanaosema huo si mtindo wa zamani tena. Sawa.

Kikao kilichopita walikuwa ngazi ya tatu ya handaki, wamebakiwa na mwenge mmoja, visanduku vinne vimeshakatwa. Mbele yao mlango wa mbao wenye bawaba za chuma, na nyuma yake kitu kinachopumua. Yule dada mkaguzi hakuwepo siku hiyo. Wengine walikuwa wakibishana kama warudi. Mchezaji wetu mkimya alikuwa ameshika dadu yake ya pande 20 kiganjani, tayari kurusha, kisha akaiweka chini.

"Mlango unafungukia wapi," akauliza, "ndani au nje?"

Nje, nikamwambia. Nikakata kisanduku cha tano.